Mtoto Aliyeumia Mbele ya Kuzaliwa

Katika paroki nyingi za Lubumbashi kunapatikana mtoto ambaye watu wamechoka naye. Mwalimu anamfundisha hesabu leo, mtoto anaifahamu. Kesho asubuhi imepotea kabisa, kama haikuingia hata kidogo. Mama anamtuma kufanya mambo matatu, anafanya moja tu, tena kwa nusu. Anatwaa kitu cha mwenzake mbele ya macho ya watu wote, kisha anashangaa kuona wanamkasirikia. Anamfuata mgeni yeyote anayemchekea. Wanamchapa, na kesho anarudia kosa lile lile. Watu wamekwisha kumtafutia majina matatu. Kwanza wanasema ni mjinga, halafu wanasema ni mkaidi, na mwishoni, shida zikizidi katika nyumba, wanasema ni mlozi.

Kumbe pengine mtoto yule aliumizwa mbele ya kuzaliwa, na pombe iliyofika katika ubongo wake wakati ulipokuwa ukijengwa tumboni mwa mama. Sisemi kwamba kila mtoto mwenyi matata ni wa namna hiyo. Malaria ya kichwa, njaa ya siku nyingi, uzazi wa shida, kifafa, masikio yasiyosikia vizuri: hayo yote yanaweza kumfanya mtoto aonekane mzito au mkaidi. Lakini watoto walioumizwa na pombe wapo, na mara nyingi hakuna anayewatambua.

Ndugu wasomaji, yafaa tujiulize sababu gani wanadamu walikawia sana kuujua ubaya huu, ijapo pombe ni ya zamani kuliko vitabu. Historia yake inatupa fundisho moja ambalo padri hapaswi kulisahau: kila mara watu walipotafuta mtu wa kuhukumu, elimu ilisimama, kila mara mtu mmoja alipokaa na kumtazama mtoto mwenyewe kwa uvumilivu, elimu iliendelea.

I. Walioona mbele

Tunajua wote sura ya 13 ya Kitabu cha Waamuzi. Malaika anamwambia mke wa Manoa, aliye tasa, kwamba atachukua mimba, naye anamkataza divai na kila kileo. Agizo hilo linasikika mara tatu katika sura ile, na mara ya mwisho anayeambiwa ni Manoa, mume wake. Tusigeuze Maandiko Matakatifu kuwa kitabu cha waganga: katazo lile lilikuwa la nadhiri ya Wanaziri. Hata hivyo tukumbuke jambo moja: habari ya kileo wakati wa mimba ilielezwa kwa mke na kwa mume pia. Wakubwa wetu wa Katanga nao walikuwa na desturi hiyo: mke mwenyi mimba alikuwa na miiko yake, na mume vilevile alikuwa na miiko yake, kwani mimba ilikuwa shauri la watu wawili, tena la ukoo mzima.

Tupite sasa Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 18, mji wa London ulijaa pombe kali ya bei ndogo iliyoitwa gin. Mwaka 1726 shirika la waganga wakubwa wa London liliwaandikia wakubwa wa Bunge kwamba pombe ile inawafanya wazazi wazae watoto dhaifu na wagonjwa. Bunge lilikawia, na zilipotoka sheria zilihusu kodi na biashara, si watoto.

Mwaka 1899 mganga wa gereza la Liverpool, jina lake William Sullivan, alifanya kazi ya kuhesabu. Aliwauliza wanawake walevi 120 habari za uzazi wao. Kati ya watoto wao 600, watoto 335 walizaliwa wafu au walikufa mbele ya kutimiza miaka 2. Alipohesabu watoto wa ndugu zao wasiokunywa, waliokufa hivyo hawakufika hata robo moja. Tena aliona ajabu nyingine: mwanamke aliyefungwa gerezani wakati wa mimba, asipate pombe, aliweza kuzaa mtoto mwenyi afya kuliko wale waliotangulia. Basi ubaya haukuwa katika ukoo wala katika damu ya mama. Ulikuwa katika kileo chenyewe.

II. Elimu iliyopotea njia

Wengi waliomfuata Sullivan hawakufuata hesabu yake. Walianza kusema kwamba kuna jamaa zilizoharibika, ukoo wa walevi na wajinga, na kwamba dawa ni kuwazuia wasizae. Jimbo la Indiana katika Marekani lilitunga sheria ya kuwakata watu uzazi kwa nguvu mwaka 1907. Serikali ya Hitler ilifanya hivyo mwaka 1933, na walevi wakubwa walitajwa katika sheria ile. Baba Mtakatifu Pio XI alikuwa amekwisha kukataza jambo hilo waziwazi tarehe 31 ya mwezi wa 12, 1930, katika barua yake Casti Connubii: serikali haina ruhusa juu ya mwili wa mtu asiye na kosa.

Waganga wengine walichukizwa na mafundisho yale mabaya, wakayatupa. Lakini walipoyatupa waliitupa na ile kweli iliyokuwa ndani yake. Mwaka 1942 wataalamu wawili wenyi sifa katika Marekani, Haggard na Jellinek, waliandika kwamba pombe haimdhuru mtoto aliye tumboni, na wengi waliwasadiki. Hata karibu ya mwaka 1967 waganga wa New York walianza kuwatilia wanawake wenyi mimba pombe katika mishipa, kusudi wasizae mbele ya wakati, na hospitali nyingi ziliwafuata kwa miaka kadhaa. Mganga mwenyewe alikuwa akimnywesha mtoto, tena kwa nia njema.

Jambo moja la uchungu lilikuwa limekwisha kuwaamsha watu kidogo. Tangu mwaka 1957 mpaka 1961 dawa ya usingizi iliyoitwa thalidomide iliuzwa Ujerumani na katika nchi nyingine nyingi, na waja wazito waliitumia. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa bila mikono au miguu iliyo kamili. Ndipo watu walipofahamu kwamba kondo la nyuma si ukuta. Kinachoingia katika damu ya mama kinaweza kumfikia mtoto.

Mwaka 1968 mganga wa watoto wa mji wa Nantes, katika Ufaransa, Paul Lemoine, pamoja na wenzake, alitoa habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Aliona wamefanana kana kwamba ni wa tumbo moja: wadogo wa mwili, wenyi nyuso za namna moja, wazito wa kujifunza na wasiotulia. Karibu hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1973 waganga wawili wa Seattle, Jones na Smith, waliona mambo yale yale kwa watoto 8 wa mataifa matatu mbalimbali, wakaupa ugonjwa huo jina. Toka hapo dunia ilianza kusikia. Lemoine hakuwaacha watoto wake: miaka mingi baadaye aliwatafuta tena, akakuta kwamba wengi wamekuwa watu wazima na shida ya ubongo haijawatoka.

III. Na sisi katika Katanga?

Union Minière ilianza mwaka 1906 na mji wa Elisabethville mwaka 1910. Mara ya kwanza kompanyi ilitafuta wanaume peke yao, kutoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza shauri: ikataka mfanyakazi akae na mke wake kambini. Ikajenga nyumba za uzazi, ikawapa mke na watoto posho, watoto wachanga wakapelekwa kupimwa kwa kilo. Kazi hiyo iliokoa watoto wengi, wala hatuwezi kuikana. Lakini hesabu ile ilikuwa ya kompanyi iliyohitaji wafanyakazi wa kesho: mtoto alihesabiwa kwa uzito wake, na hakuna aliyeuliza habari za akili yake.

Na pombe? Mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya mwaka 1919 yalikataza kupika pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Ubelgiji ilitia sahihi. Sheria ilitazama rangi ya mtu: mzungu aliweza kupata whisky yake, na mwafrika aliyepika lutuku alikamatwa. Wamama waliolipishwa faini na kufungwa juu ya lutuku walikuwa wengi, toka wakati wa Wabelgiji na hata baadaye. Polisi walivunja vyungu na mapipa. Sisi katika Kanisa tulihubiri juu ya dhambi ya ulevi, na tulihubiri kweli. Lakini katika mahubiri na katika faini, mtoto aliye tumboni hakutajwa.

Kisha zikaja nyakati nyingine. Union Minière ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, ikawa Gécamines. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kazi ikapunguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mkupuo mmoja. Katika nyumba nyingi mama ndiye aliyebeba mzigo, na wengine walishika tena kazi ya lutuku: mahindi, muhogo, pipa juu ya moto, mvuke kupita katika tuyau. Pesa ile ililipa minerval ya watoto. Mama anayepika lutuku lazima aionje kusudi ajue kama imekuwa kali, na mara nyingine anaionja akiwa mwenyi mimba. Nani atamtupia jiwe? Alikuwa akitafutia watoto wake masomo, na hakuna aliyemwambia.

Tusidhani tena kwamba hii ni habari ya cité peke yake. Katika Golf, ambapo ninaandika mistari hii, majumba yana kuta ndefu, na nje ya kuta zile wanakaa walinzi na wauzaji wa makala. Ndani ya ukuta watu wanakunywa divai na whisky katika kilauri kizuri, nje wanakunywa lutuku au bia. Sheria ya zamani ilitenga vinywaji hivyo viwili. Mwili hauvitengi. Alkoli ni moja, na ubongo wa mtoto wa tajiri umejengwa sawasawa na ule wa mtoto wa maskini. Hitilafu ni hii tu: lutuku haina kipimo, tena mara nyingine imechanganyika na sumu nyingine zinazoua au kupofusha.

IV. Mambo tunayoyajua leo

Mama akinywa, baada ya muda mfupi mtoto anakuwa na pombe katika damu yake. Ini lake halijakomaa, haliwezi kuisafisha pombe kama ini la mtu mzima. Uso wake unajengwa katika majuma ya kwanza, pengine mama hajajua kwamba ana mimba. Lakini ubongo unajengwa miezi 9 yote. Kwa hiyo watoto wengine wana alama usoni: matundu ya macho mafupi, mdomo wa juu mwembamba, na mfereji kati ya pua na mdomo umesawazika. Wengine walio wengi zaidi hawana alama yoyote. Kuumia kwao kumejificha katika ubongo. Hawa ndio wanaoteseka zaidi, kwa sababu watu wanawatazama na kusema: huyu ni mzima, anafanya kusudi.

Hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama wakati wa mimba. Lakini mama anayeacha, hata katika mwezi wa sita, anamsaidia mtoto wake, kwani ubongo ungali ukijengwa. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache peke yake kwa ghafula. Aende kwa mganga, maana kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuwa na hatari. Wataalamu walikadiri mwaka 2017 kwamba watoto karibu 119,000 wanazaliwa kila mwaka duniani na ugonjwa huu katika hali yake iliyo kamili. Katika Afrika ya Kusini, upande wa Cape, ambapo wazungu wenyi mashamba walizoea kuwalipa wafanyakazi sehemu ya mshahara kwa divai, uchunguzi katika mji mmoja ulikuta watoto zaidi ya 40 katika kila watoto 1,000 wa mwaka wa kwanza wa shule. Desturi ya mshahara ule imepita. Watoto walioumizwa wangali wanazaliwa.

Nchi yetu nayo imetoa fundisho lake, nalo linahusu vitu vya migodi. Kati ya mwezi wa tatu 2013 na mwezi wa pili 2015, waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichunguza katika mji wetu watoto wachanga 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana, wakawalinganisha na 108 wasio na kilema. Habari zilitangazwa mwaka 2020. Walikuta katika miili ya wamama madini ya kobalti na mengineyo kwa wingi wa kutisha. Lakini jambo lililoonekana kwa nguvu kuliko yote lilikuwa kazi ya baba: baba akifanya kazi ya migodi, hatari ya kilema ilizidi mara 5. Watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, na wataalamu wenyewe walisema kazi iendelee. Hata hivyo tuangalie vizuri. Mama aliyeulizwa alikula nini na alitembea wapi hakuwa peke yake katika shauri lile. Vumbi lililoshikamana na nguo za baba lilikuwa ndani yake pia, na pamoja nalo kompanyi na mto uliochafuliwa. Padri Tempels, alipoanza kuwafundisha Jamaa katika Ruwe karibu ya mwaka 1953, aliwaambia mume na mke kwamba uzazi ni wa wote wawili. Basi baba anayemletea mke wake mwenyi mimba chupa nyumbani asimwachie hukumu peke yake.

V. Kazi ya mchungaji

Kwanza: jina la mlozi liondoke midomoni mwetu. Watoto wengi waliofukuzwa kwao kwa jina hilo walikuwa wagumu wa kulea, wenyi kusahau, wenyi kutembea usiku, wenyi kusema uwongo usio na faida. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009 inamlinda. Lakini sheria haiingii usiku katika nyumba ya mkristu. Katekista na wazee wa shirika wanaweza kuingia. Mtu akisema mtoto ana ulozi, tumuulize: alizaliwa namna gani? Anasikia? Anaona? Anaanguka kifafa? Mama alikuwa katika shida gani wakati wa mimba? Kisha tumpeleke kwa waganga wanaojua: Mafrère wa Charité wana kituo cha magonjwa ya akili na ya mishipa katika Lubumbashi, kwa jina la Dr Joseph Guislain. Na mtoto aliyekwisha kufukuzwa, Wasalesiani, waliofika Elisabethville mwaka 1911, wana nyumba za kumpokea.

Pili: tuwafundishe wazazi na walimu namna ya kuishi na mtoto huyu. Ubongo ulioumia haurudi kuwa kama haukuumia, na hakuna dawa wala maombi ya kelele yatakayoujenga upya usiku mmoja. Lakini maisha ya mtoto yanaweza kugeuka sana. Mtaalamu Ann Streissguth wa Seattle alichunguza watu 415 wa namna hiyo, akatoa habari mwaka 1996. Walioendelea vizuri zaidi ni waliotambuliwa mbele ya miaka 6, waliokaa katika nyumba moja yenyi mapendo na utulivu, wasiopigwa wala kutendewa jeuri. Wahenga walisema: udongo upate uli maji.

Basi mpe neno moja kwa mara moja, kwa maneno yale yale kila siku. Mwonyeshe kazi kwa mikono, usiieleze tu. Siku yake iwe na taratibu isiyobadilika: kuamka, kuoga, kula, shule, kulala. Darasani akae mbele, mbali na dirisha na kelele. Asitumwe sokoni na pesa peke yake, kwa maana hesabu ya pesa na ya saa inamshinda, na wajanja watamdanganya. Akikosa, mrudishe upesi na kwa sauti ya chini. Adhabu ya kesho kwa kosa la leo hataiunganisha. Kumchapa kunamfundisha kuogopa tu. Tena mtafutie kazi anayoiweza na umsifu mbele ya wengine: wengi wao ni wapole kwa wadogo, wanapenda wanyama, bustani na wimbo.

Tatu: katika katekisimu na katika kiti cha kitubio. Mtoto ambaye amesahau Sala ya Bwana aliyoijua juzi hakuidharau. Amfundishe mtu mmoja, pole pole, kwa picha na kwa wimbo, wala asinyimwe Ekaristia kwa sababu hajibu maswali kama wenzake, ikiwa anatenga Mwili wa Kristu na mkate wa kawaida. Tulijifunza katika seminari kwamba hakuna dhambi ya mauti bila kujua na bila kutaka. Fundisho hilo ni lake huyu mtoto. Ni la mama yake pia. Mama anayekuja akilia, akisema, Padri, nilikunywa sikujua, asipewe mzigo wa pili. Aliyekunywa kwa kujua naye atubu na asamehewe kama wakosefu wote. Halafu tumwambie wazi kwamba mtoto anamhitaji, na kwamba akiogopa hukumu yetu atamficha mtoto, na mtoto aliyefichwa hapati msaada.

Nne: tuseme mapema. Katika mafundisho ya ndoa tunaeleza mambo mengi kwa wachumba. Tuongeze hili, na bwana arusi asikie pamoja na bibi arusi: mke akingojea mtoto, chupa iondoke katika nyumba, ya mke na ya mume. Tuseme hivyo katika Golf na katika Katuba, kwa maneno yale yale.

Miaka zaidi ya 100 tulihesabu faini za lutuku, kilo za watoto na tani za shaba. Sullivan na Lemoine walifanya hesabu nyingine. Walikaa karibu ya wamama na watoto wasiosifiwa na mtu, wakawatazama mmoja mmoja, mpaka wakajua. Seminari zetu zinaweza kuwatoa mapadri wa namna hiyo. Mtoto yule aliyewachosha watu anakaa nyuma kanisani Jumapili, anageuka huku na huku, anacheka wakati usiofaa. Yeye naye ni mbatizwa, na Kanisa linadaiwa kumjua kwa jina lake.